Kutoka Kisimani Hadi Mlango wa Buluu

Mji ule ulikuwa na macho mengi lakini haukuwa na uso. Kamera zilitundikwa kila pahala, juu ya vizingiti, chini ya matao, vichochoroni, mpaka penye beseni la kuoshea miguu nje ya nyumba ya ibada, ila hakuna mtu aliyejua kamera ipi imekaa jirani na ipi. Na uso ni nini, kama si kujua kwamba jicho hili liko kulia na lile liko kushoto na katikati yao pana pua? Wenyewe, yaani wale wanaoumiliki mji na ambao hakuna aliyewahi kuwaona, waliyataka mambo yawe hivyo, kisha yakawageukia. Zamani walipokuwa wanatundika kamera zao waliwaogopa mafundi. Kila fundi aliitwa peke yake, akafungwa kitambaa usoni, akaongozwa, akafunguliwa, akaweka kamera moja, akafungwa tena akarudishwa kwao. Wenyewe hawakutaka awepo mtu anayejua kamera mbili, na kweli hakuwepo. Wakaja kushtuka wamekaa mbele ya skrini zao, wanaona kila kitu na hawajui wanakiona wapi. Mwizi anaonekana anakimbia, askari wanatoka mbio, wanafika mlangoni wanasimama wanatazamana. Hiyo ndiyo akili iliyokuwa inautawala mji.

Kazija alitiwa ndani kwa ajili ya swali. Alikuwa mwanamke wa maskhara, ulimi wake haukujua kulala, na siku moja sokoni, mkono mmoja ameshika mkungu wa ndizi na mwingine amemshika binti yake Arafa, aliinua uso kuitazama kamera iliyokuwa juu ya wauzaji akasema kwa sauti, "Nyinyi mnaotutazama, mnajua lakini tuko wapi?" Watu walicheka. Wengine walicheka huku wameziba midomo. Lakini Wenyewe hawakuwa na ucheshi hata chembe, na swali lile liliwachoma kwa sababu walikuwa hawana jibu. Kesho yake wakamchukua. Aliyeuliza na ajibu, walisema, na wakamfungia katika chumba kisicho na dirisha, mbele ya ukuta mzima wa skrini. Siku atakayoweza kuwaonyesha kila kamera imekaa wapi kwa mwenzake, mlango utafunguliwa na yeye atarudi kwa mwanawe. Walikuwa na haja moja hasa, nayo hawakumficha: walitaka kujua kati ya kamera na kamera pana nini, ili kila penye tundu watie jicho.

Kwa hiyo Kazija alianza kufanya kazi, kwa sababu alimtaka mwanawe.

Alifanya hivi. Pembeni mwa kila skrini aligongomea msumari. Akaletewa uzi. Mtu akitoka ukingoni mwa skrini moja, Kazija alianza kuuvuta uzi katikati ya vidole vyake, polepole, kwa mwendo ule ule, asiharakishe wala asizembee, mpaka mtu yule yule atokeze katika skrini nyingine. Hapo aliukata, akaufunga ncha moja kwenye msumari wa kule alikotoka na ncha ya pili kwenye msumari wa kule alikofika. Aliyefika upesi aliacha uzi mfupi, na aliyechelewa aliacha mrefu. Muda ukawa urefu, na urefu ukawa kitu cha kushikika. Mahali pengine kazi ilikuwa nyepesi: aliwahi kumwona paka mmoja kwa wakati mmoja katika skrini mbili, huku mkia na huku masharubu, akajua kwamba kamera zile zinatazamana uso kwa uso, akacheka peke yake. Siku hiyo alijiona bingwa.

Lakini nyuzi zilizidi. Njia fupi zilikaa vizuri, uzi umenyooka kutoka msumari hadi msumari. Njia ndefu zilining'inia, zikalegea, zikajaa chumba. Na hakuna iliyokuwa ndefu kushinda ile ya kutoka skrini ya Kisima hadi skrini ya Mlango wa Buluu. Mtu aliyetoka Kisimani na ndoo kichwani alipotea, Kazija akavuta uzi, akavuta, mkono ukafa ganzi, kidonge cha uzi kikaisha akaanza kingine, ndipo yule mtu akatokeza Mlango wa Buluu, ndoo bado iko kichwani, maji hayajamwagika. Watu wengi walipita njia ile, na wote walichelewa. Nyuzi zao zikafanya rundo sakafuni, zikapanda mpaka magotini, zikamzunguka Kazija alipolala na alipoamka, hata ikabidi ainame ili afike kwenye mlango, na ajipinde ili afike kwenye kirago chake. Akaamini kwamba kati ya Kisima na Mlango wa Buluu kuna jangwa, au msitu, au mji mwingine mzima uliosahauliwa. Kila alichogundua kilimfunga zaidi. Alikuwa anajenga njia ya kutokea na njia yenyewe ilikuwa inamziba pumzi.

Na Arafa naye alipita njia hiyo. Hilo ndilo lililomuumiza Kazija kuliko njaa. Mara ya kwanza alimwona katika skrini ya Kisima, mtoto wa kuvalishwa, kandambili zimemzidi mguu. Akapotea ukingoni. Kazija akavuta uzi huku machozi yanamtoka, na alipotokeza Mlango wa Buluu kandambili zilikuwa zinamtosha. Baadaye akaingia ukingoni na nywele za kitoto, akatoka amesukwa. Akaingia kigoli anarukaruka, akatoka mwari, kanga ameitupa begani na anatembea kama mtu anayejua anatazamwa na vijana. Katika skrini zenyewe hakuwahi kukua hata kidogo. Kazija alimkodolea macho mpaka yakauma, na mwanawe alibaki vile vile tangu ukingo hadi ukingo, kisha alipotoka machoni ndipo alipokua.

Akaanza kujisemea, maana hakukuwa na wa kusema naye.

Mimi nani? Jicho. Jicho la nani? La Wenyewe. Na Wenyewe ni nani? Wanaoniambia mimi ni jicho. Haya.

Nimemwona mwanangu mara zote na sijamwona akikua.

Basi kuona ni kitu gani? Nikimtazama anasimama. Nikimkosa anaishi. Mbegu nayo huota ardhini gizani, ukiifukua kila asubuhi kuitazama unaiua. Nilikuwa najua hayo kabla sijaingia humu. Nilikuwa najua mambo mengi kabla sijaingia humu, na mojawapo limenitoka, naliona linanichungulia, silipati.

Njia ndefu. Mwanangu anakulia katika njia ndefu, na mimi nimo humu naipima.

Mtu pekee aliyefungua mlango wa chumba kile alikuwa Bwana Ngwali, mtumishi wa Wenyewe, mtu mzima mwenye tumbo kidogo na sauti ya upole isiyolingana na kazi yake. Yeye ndiye aliyeleta chakula na uzi. Watumishi wa Wenyewe walikuwa na sharti moja la kazi, nalo waliliheshimu kuliko dini: kisichoonwa na Wenyewe, mtumishi haruhusiwi kukiona. Kwa hiyo Bwana Ngwali akifika ukingoni mwa kamera alivuta kitambaa cheusi kutoka kwenye kofia yake, akajifunika uso, akaweka mkono ukutani na kwenda kwa kupapasa, mpaka aingie tena mbele ya kamera nyingine ndipo ajifunue. Kazija alikuwa akimwona katika skrini anavyojifunika, na kwa kweli alikuwa akimcheka.

Siku zote alikuja kwa upande wa skrini ya Ngazi, kutoka jiko la mbali, na uji ulifika umeshika utando juu. Kisha jiko lile likafungwa, likafunguliwa jingine nyuma ya Mlango wa Buluu, na Bwana Ngwali akaanza kupita upande wa Kisima.

Mara ya kwanza alipopita hapo, Kazija alikuwa ameshika uzi kama kawaida. Akamwona anafika ukingoni mwa Kisima, anavuta kitambaa, anatoka. Kazija akavuta uzi, akajiweka sawa kwa kazi ndefu, na kabla hajajiweka sawa Bwana Ngwali alikuwa ameshatokeza Mlango wa Buluu anajifunua uso. Uzi uliokuwa kati ya vidole vya Kazija haukufika urefu wa kidole chenyewe.

Alidhani amekosea. Akamngoja siku ya pili, ikawa vile vile. Akafikiri labda ana gari, labda ana farasi, labda Wenyewe wamempa mbawa na tumbo lake lile. Na jambo jingine likamshangaza. Akishachukua bakuli pale Mlango wa Buluu, Bwana Ngwali alijifunika, akatoka kwa ukingo ule ule alioingilia, na papo hapo, uzi haujafika hata urefu wa kidole, kufuli la chumba likalia. Uji ulimuunguza Kazija ulimi.

"Pole, wa moto," alisema Bwana Ngwali akiwa amesimama katikati ya nyuzi, mikono ameibana asije akazivuruga. "Hujambo lakini, Bi Kazija?"

"Sijambo. Bwana Ngwali, kutoka Kisimani mpaka Mlango wa Buluu ni mbali?"

"Mimi utaniuliza? Nikitoka kwenye kamera nafunika uso, na nikifunika uso sihesabu kitu. Wewe ndiye mwenye nyuzi." Akalitazama lile rundo. "Kwa jinsi ninavyoona hapa ni safari ya kufungasha chakula."

"Na ukipita, unasikia nini?"

"Kimya," akasema. "Kimya kama cha makaburini. Hakuna mtu pale."

"Hata mmoja?"

"Hakuna anayenisemesha, basi nijue kuna nani?" Akakaa juu ya kizingiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nitakwambia kitu, usinicheke. Nilipokuwa mdogo, kwetu, ukitumwa chumvi dukani ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Duka lenyewe unaliona kutoka uani. Lakini kila mlango pana mtu mzima, shikamoo, marahaba, mama yako hajambo, yule mgonjwa wenu amelalaje, mwambie bibi yako nitapita jioni. Unarudi na chumvi mama ameshakasirika. Sasa hivi ninakokwenda kote nafika upesi. Sipendi, lakini nafika upesi."

Akainuka, akapangusa kanzu, akaaga. Lile jambo lililokuwa linamchungulia Kazija sasa lilikuwa limeingia ndani likakaa.

Salamu. Alikuwa amesahau salamu. Yeye, Kazija, ambaye akitoka kwenda kuchota maji majirani walimtania kwamba achukue na mto wa kulalia, alikuwa amekaa humu peke yake muda mrefu mpaka akaamini kwamba mtu akichelewa basi ametembea. Alipima mazungumzo akayaita njia. Hapakuwa na jangwa kati ya Kisima na Mlango wa Buluu, wala msitu. Palikuwa na kiwanja kidogo tu, hatua chache, ambapo hakuna kamera, na kwa sababu hakuna kamera ndipo mji mzima uliposimama kupumua. Pale watu waliteremsha ndoo wakaulizana hali. Pale walipeana pole za misiba ambazo hazikuruhusiwa, waliposana, waligombana na kupatana, walifundishana mambo, walicheka bila kuziba midomo. Pale walikuwepo wanawake waliomsuka Arafa nywele. Na Bwana Ngwali akipita na kitambaa chake usoni, mkono ukutani, wote waliziba pumzi, akapita katikati ya umati wa watu kama anayepita jangwani, kisha wakaendelea walipoishia.

Kazija alikaa chini. Halafu akaufikiria ule uji.

Alikuwa amegongomea misumari kwenye skrini zote na amesahau skrini moja. Mlango wa chumba chake nao ulikuwa ukingo: mtu alitoka kule, akatokeza hapa. Yeye mwenyewe alikuwa kamera, tena iliyofichwa kuliko zote. Akachukua uzi wa Bwana Ngwali, ule wa kutoka Kisimani, akachukua na ule wa kutoka Mlango wa Buluu hadi kufuli kulia, zote mbili fupi kama utepe wa kufungia dawa, akauweka huu hapa na ule pale, na hakukuwa na namna nyingine ya kuziunganisha. Chumba kilikuwa pale pale. Kilikuwa kiwanjani. Wenyewe hawakutaka chumba chao cha kutazamia kitazamwe, kwa hiyo kamera zote zilikipa mgongo, na watu wa mji, bila kujua kilichomo ndani, walikuja kujibanza ubavuni mwake kwa sababu hapo ndipo hakuna jicho. Ukuta ulio nyuma ya kirago cha Kazija ndio ukuta walioegemea. Miaka yote aliyolia kwa ajili ya mwanawe, mwanawe alikuwa upande wa pili wa tofali.

Alicheka, kisha akalia, kisha akavifanya vyote pamoja, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwambia chagua kimoja.

Na sasa ramani ilikuwa imekamilika. Ilimbakia kukata rundo lile la nyuzi, kuvuta uzi mmoja mfupi kutoka Kisima hadi Mlango wa Buluu, na kumwita Bwana Ngwali. Mlango ungefunguliwa. Angetoka, hatua chache, angemkumbatia Arafa, angemnusa shingoni. Na kesho yake fundi mwenye kitambaa usoni angeletwa, atundike jicho pale pale juu yao. Wangesimama yeye na mwanawe chini ya jicho hilo, mdomo umefungwa, na Arafa asingekua tena hata kwa unywele mmoja. Hakuna mtu mjini ambaye angechelewa tena njiani. Wote wangefika upesi kila wanakokwenda.

Alikaa na jambo hilo, akaligeuza huku na huku. Asidanganye mtu, alitaka kutoka. Alishika mkasi. Roho ikamwambia kata, wewe umeteseka vya kutosha, hao wengine wamekufanyia nini, walicheka sokoni na hakuna aliyekufuata. Lilikuwa neno la kweli na ndiyo maana lilimuuma. Aliufungua mkasi kwenye rundo, nyuzi zikaingia katikati ya makali yake.

Katika skrini ya Kisima Arafa akatokea na ndoo. Alikuwa na haraka. Macho yake yalikuwa yameshafika mbele yake, kule ukingoni, mdomo umeshaanza kucheka kicheko ambacho bado hakijaruhusiwa, na akatoka machoni.

Kazija akauweka mkasi chini. Akajipenyeza katikati ya nyuzi, zikamshika kwenye viwiko na shingoni, akafika ukutani akapiga magoti juu ya kirago. Akaweka mdomo kwenye ukuta. Hakujua aseme nini, ndipo likamtoka neno ambalo mtu hulisema akifika penye nyumba ya watu.

"Hodi," akasema.

Mwenye kupiga hodi huwa nje. Kazija hakujua tena nje ni upande gani, lakini aliona haya kuingia bila kubisha.

"Hodi, mwanangu. Mimi mama yako. Hujambo? Umeamkaje? Umekula? Nani anakusuka siku hizi, mbona kazi yake nzuri? Mwambie mama yako amemshukuru. Mguu ule uliochomwa na mwiba ulipona? Usinijibu kwa sauti. Nipo. Nipo hapa hapa, sijaenda mbali, hata siku moja sikwenda mbali."

Ukuta ulikuwa mnene. Hakusikia kitu. Aliendelea kusalimia, akamuulizia kila jirani kwa jina lake, wazima na wagonjwa, na kufuli lilipolia ndipo alipojivuta haraka akarudi mbele ya skrini, kifua kinampanda na kushuka.

Bwana Ngwali aliingia bila bakuli. Alikuwa ameshajifunua uso, lakini mkono wake wa kulia alikuwa ameuinua mbele yake, kiganja wazi, anautazama kana kwamba si wake.

"Bi Kazija," akasema kwa sauti ya chini, "leo mkono wangu umegusa nywele. Pale ukutani. Nywele za mtu, zimesukwa."

Skrini ya Mlango wa Buluu ilikuwa tupu. Ilikaa tupu muda mrefu kuliko alivyowahi kuiona, na wote wawili wakawa wanaitazama.

Kisha Arafa akatokeza. Ndoo alikuwa ameiacha huko huko. Alitembea taratibu, mkono kifuani, na shavu lake lote la kushoto, na sikio, na nywele za upande ule, vilikuwa vyeupe kwa chokaa ya ukuta. Alisimama katikati ya skrini. Hakujipangusa.

Bwana Ngwali alimtazama yule binti, akakitazama kiganja chake, nacho kilikuwa na chokaa. Akalitazama rundo la nyuzi lililojaa chumba, na mkasi uliolala kando yake. Ilichukua muda. Kazija alimsikia anavyopumua.

"Ile njia," akauliza hatimaye. "Umeipima vizuri?"

"Nimeipima, Bwana."

"Ni ndefu?"

"Ni ndefu sana," alisema Kazija. "Bado sijafika mwisho wake."

Bwana Ngwali akatikisa kichwa polepole. "Mimi siwezi kubisha," akasema. "Nilikuwa nimefunika uso." Akatia mkono mfukoni, akatoa kidonge kipya cha uzi, akakiweka juu ya rundo kwa uangalifu.

"Wasalimie nyumbani, Bwana Ngwali," Kazija akamwambia.

Alisimama mlangoni akiwa amempa mgongo. "Zimefika," akajibu. Kisha akatoka, akaufunga mlango kwa nje na kuutia kufuli, na Kazija akakivuta kirago chake mpaka kikagusana na ukuta.